Ridhaa ya Mzee Nampunju

Mzee Nampunju alikubali shamba lake lichimbwe siku tatu baada ya kuzikwa, na kwa miaka mitatu hakuna aliyeona tatizo. Hati ilitoka, kinywe, yale madini meusi ya betri, kikachimbwa, seli zikatengenezwa, na ghala la umeme la Mnalimba likawashwa kwa ngoma na hotuba. Hata Somoe Mbunju, mkaguzi wa chimbuko la madini aliyeisimamia kazi hiyo toka mwanzo, alikula pilau ya uzinduzi na akaomba aongezewe.

Aligundua Jumatatu asubuhi, ofisini kwake, akiwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Ulikuwa mwaka wa kufanya upya hati, na safari hii kanuni ilimtaka mkaguzi asikilize rekodi ya ridhaa kwa masikio yake, si kutazama rangi ya taa ya chombo peke yake. Wakaguzi wote walikuwa wamelalamika kwamba hiyo ni kazi ya bure. Somoe naye alilalamika, tena kwa sauti kuliko wengine, kisha akabonyeza na kusikiliza.

Kwanza ilisikika sauti ya chombo, ile sauti ya upole inayofanana na ya mwalimu wa chekechea: je, mwenye ardhi hii anakubali madini yaliyomo yachimbwe kwa ajili ya umeme wa umma? Kikafuata kikohozi anachokijua kila mtu wa kijiji cha Kitandi, na sauti nzito ya Mzee Nampunju.

"Chimbeni! Mnangoja nini? Mimi mwenyewe nimeshachimbiwa."

Halafu vikapasuka vicheko vya wanaume, wengi, na mmoja wao akasema marehemu apewe kahawa, ametoka mbali.

Somoe alirudisha nyuma akasikiliza tena. Mara ya tatu hakuhitaji kusikiliza ila alisikiliza. Yeye ni mtoto wa huku huku, alijua kabisa alichokuwa anakisikia. Ilikuwa siku ya kuanua matanga, na aliyekuwa anasema ni mtani, amevaa kanzu ya marehemu na kushika bakora yake, anawachekesha wafiwa kwa kumwigiza mzee wao kama watani wafanyavyo. Chai ikapoa mezani.

Chombo chenyewe kiliitwa Sikio. Kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa redio ya mkulima, chenye taa mbili, ya kijani na nyekundu. Zamani, kabla ya Sheria ya Chimbuko, maofisa walikuwa wakienda vijijini na makaratasi, na watu walitia vidole gumba kwa woga, au kwa soda na sahani ya wali. Kwa hiyo ikaamuliwa ofisa asiwepo kabisa. Sikio lilikaa siku saba nyumbani kwa mwenye ardhi, na kila siku saa nne asubuhi liliuliza swali lile lile. Lilimtambua mwenye ardhi kwa sauti yake, na katika jibu lilitafuta woga, ulevi, na maneno ya kufundishwa. Likipata jibu safi, la ndiyo au la hapana, liliwasha taa na kufunga hesabu. Katika siku zile saba hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

Somoe alikuwa ameliweka nyumbani kwa Mzee Nampunju Jumamosi. Mzee, aliyekuwa mgonjwa tayari, alisema maneno machache ya kutambulisha sauti yake, akajilaza. Jumapili akafariki, akazikwa alasiri. Kwa kuwa chombo hakiguswi, wafiwa walikifunika kanga na kukiacha pembeni ya sebule. Jumatano, katikati ya mchezo wa mtani, saa nne ikafika, swali likatoka chini ya kanga, na mtani akalijibu kama alivyokuwa anajibu kila kitu asubuhi ile. Sauti ilikuwa ya mzee mtupu. Woga haukuwamo, wala pombe, wala maneno ya kufundishwa. Chini ya kanga taa ya kijani ikawaka, na nani angekumbuka kwamba mashine haina mtani?

Kifo nacho kiliandikishwa baada ya miezi miwili, mambo ya mirathi yalipoanza, na karani akaandika tarehe ya siku ile ya kuandikisha. Kwenye mfumo Mzee Nampunju alikuwa hai alipokubali. Somoe alijua siku ya mazishi kwa sababu alihudhuria, lakini hati ilionyesha wiki ya ridhaa bila siku, na yeye akajiambia mzee alikubali Jumamosi ile ile, kabla ya kufa. Hakuuliza. Taa ilikuwa ya kijani.

*

Mkurugenzi wake alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akamweleza taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa maelekezo ya dawa, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, kwamba kinywe kile kimeshatoka ardhini na hakiwezi kurudi, na kwamba ghala la pili, la vijiji vinne vya juu, linangoja hati hii hii ifanywe upya. Rekodi ni ya kijani. Mfumo hauna swali. Ni nani mwenye swali?

Somoe alijua vizuri kilichokuwa kinamngoja. Kila seli katika ghala ilibeba hati yake ndani, na hati ikitangazwa batili seli hunyamaza. Haiharibiki wala hailipuki, inakataa tu kutoa umeme, yenyewe, baada ya saa sabini na mbili. Ndivyo waliotunga sheria walivyotaka, ili serikali yoyote isije ikasema tutasahihisha baadaye. Zilikuwa seli elfu kumi na moja, na robo tatu ya kinywe chake ilitoka shamba la Nampunju.

Kulikuwa na njia mbili za kuziokoa. Ya kwanza ni ridhaa mpya ya mrithi, kupitia Sikio, safari hii kwa kikao kimoja na mkaguzi akiwa karibu. Ya pili ilikuwa kifungu cha kumi na tisa, hati ya mkono: mkaguzi aandike mwenyewe kwa kalamu alichokisikia, aweke jina na kidole gumba, na lolote likija kutokea aulizwe yeye, hata mahakamani. Tangu Sikio lianze kutumika hakuna mkaguzi aliyeandika hati ya mkono. Nani ajitwishe gunia na punda yupo?

Kutoka ofisini alikwenda moja kwa moja hospitali, kwa kuwa Jumatatu ni siku ya kaka yake. Mfaume alikuwa fundi cherehani mpaka figo zilipomshinda. Sasa mara tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, alilazwa saa nne nzima kwenye mashine ya kusafisha damu iliyokuwa inakula umeme wa ghala la Mnalimba. Mashine nyingine ilikuwa Dar es Salaam, na foleni yake ilikuwa ya miezi. Mfaume alisema hakuwa na miezi ya kukaa kwenye foleni, akasema kama anayezungumzia kitambaa kilichopungua.

Somoe alikuwa ameamua asimwambie. Alimwambia kabla hata hajakaa.

Mfaume aliutazama mrija wa damu unaotoka mkononi mwake, kisha akauliza mwenye msiba ni nani. Asumini, binti yake, Somoe akajibu, ndiye mtoto pekee. Na sheria inasema wakati wa kumuuliza mtu ridhaa ni marufuku kumbembeleza, kumlilia hali, au kumtajia mgonjwa.

"Basi nenda ukamuulize," Mfaume akasema. "Na mimi usinitaje. Nimeshona nguo za watu miaka ishirini, sijawahi kuiba hata kipande cha kitambaa. Sitaki nianze na shamba."

Somoe aliinuka akaenda dirishani, akalia kidogo akiwa amempa mgongo. Alimpenda kaka yake na alimkasirikia kwa wakati mmoja, maana kama Mfaume angemwomba anyamaze, pengine yeye angenyamaza.

*

Jumanne asubuhi alimpitia kwanza Mzee Chitanda, mtani mwenyewe. Koo za Chitanda na Nampunju zilitaniana tangu enzi za mababu, na yeye na marehemu walikuwa wametukanana kwa furaha miaka arobaini. Njiani Mzee Chitanda alimtania Somoe juu ya gari lake, viatu vyake na umbo la kichwa chake. Somoe aliposimamisha gari na kumwekea rekodi, mzee alicheka aliposikia sauti yake mwenyewe. Alipoelewa maana yake aliacha kucheka, na gari likaendelea mpaka Kitandi.

Asumini binti Nampunju aliwapokea barazani, mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono ya kazi. Aliwakaribisha kwa adabu isiyokuwa na uchangamfu. Alikuwa akimfahamu Somoe kama mtu aliyekuja na magari ya kuchimba, na upande wa pili wa barabara, pale palipokuwa na mikorosho ya baba yake, palikuwa na shimo lenye uzio. Katika shamba lile alizikwa mama yake, na pembeni ya mama yake mtoto wake wa kwanza. Makaburi yote mawili yalihamishwa kwa dua na kwa heshima, na hati ya kuyahamisha ilikuwa ridhaa ya mzee.

Somoe alimweleza kila kitu kwa mpangilio, hakupamba. Aliitaja Jumamosi, Jumapili, Jumatano. Alisema kosa la kutouliza ni lake. Kisha akamwekea rekodi.

Asumini aliisikiliza huku akiutazama ukuta. Ilipokwisha alimgeukia mzee, si Somoe.

"Mtani. Ile siku nilikuwa ndani na wanawake. Nilisikia mnacheka nikajua uko kazini. Baada ya wiki mbili wakaja watu wa makaburi, wananiambia baba yako alikubali. Miaka mitatu sijakanyaga kaburini kwake. Hitima yake sijaisoma. Nilisema mtu aliyemtoa mama yangu na mwanangu ardhini bila hata kuniambia, mimi simsomei."

Mzee Chitanda alivua kofia yake. Alisema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa anatania tu, kisha akaona maneno hayo hayatoshi.

Asumini akaingia ndani, akatoka na kanzu iliyokunjwa na bakora. Kanzu ilikuwa na harufu ya karafuu za kuzuia nondo. Alimpa mzee, akamwambia avae. Mzee alitikisa kichwa, akasema huu si wakati wake, matanga yamekwisha. Asumini akamwambia matanga ya baba yake yanaanza leo. Basi mzee akavaa, akaishika bakora, akakohoa kile kikohozi. Somoe alihakikisha mara mbili kwamba Sikio alilokuja nalo limezimwa.

"Baba," Asumini akasema, "ulikubali shamba lichimbwe?"

Mtani alikaa kitako kama alivyokuwa anakaa Mzee Nampunju, goti moja juu. Alipojibu ilikuwa sauti ile ile ya kwenye rekodi, ila mzaha haukuwamo.

"Mwanangu, mimi sikuulizwa."

Asumini akajifunika uso kwa upande wa kanga na kulia, akalia sana, kilio cha msiba wa siku hiyo hiyo. Hakuna aliyemnyamazisha. Mzee Chitanda alibaki ndani ya kanzu ya rafiki yake na machozi yakamtoka yeye pia, na Somoe aliyekuja na maswali aliona haya kuwepo.

Alipotulia, Asumini alinawa uso kwa maji ya mtungi, akasema kuuliza si ujinga, basi aulizwe na yeye, lakini kwanza atauliza yeye. Somoe ana mtu kwenye umeme ule?

Kusema ndiyo ilikuwa marufuku, na kusema hapana ilikuwa uongo. Somoe aliitazama mikono yake mpaka akaona aibu ya kuitazama.

"Haya, nimesikia," Asumini akasema. "Ndiyo maana leo sitakujibu, mdogo wangu. Leo nikikubali, nitakuwa nimekubali kwa ajili ya mtu wako. Na nikikataa, nitakuwa nimekataa kwa hasira ya miaka mitatu. Ijumaa namsomea baba hitima. Uje. Na hicho chombo chako kije, ila kikae nje mpaka watu wale washibe."

*

Somoe alipeleka taarifa ya kubatilisha hati saa kumi alasiri siku hiyo hiyo. Mkurugenzi alimpigia simu mara nne, na mara ya tano hakupiga tena. Kabla ya magharibi mji mzima ulikuwa unajua kwamba ghala litanyamaza Ijumaa saa kumi, na kwamba ni Somoe wa Mbunju aliyelinyamazisha, kwa sababu ya maneno ya matanga.

Mficha maradhi kifo humuumbua, alijiambia, lakini methali haikumsaidia sana sokoni. Muuza nyanya wake wa miaka yote alimhudumia bila kumtazama. Muuza barafu alimuuliza samaki za watu ataziweka wapi, na swali lilikuwa la haki. Jumatano Mfaume alisafishwa damu kama kawaida. Muuguzi alimwambia Somoe ya Jumamosi hawezi kuiahidi, kuna jenereta ya dharura ya chumba cha upasuaji na cha watoto njiti, basi. Jioni, nyumbani, Mfaume alikuwa ametoa cherehani lake uvunguni na alikuwa analipaka mafuta. Somoe hakuuliza kwa nini.

*

Hitima ilisomwa Ijumaa baada ya sala. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mazishi, maana Kitandi nzima ilikuwa imeshasikia, na wengine walitaka kumwomba radhi mzee kwa yale waliyoyasema nyuma yake miaka mitatu. Mzee Chitanda alipewa kazi ya kugawa kahawa, na alikuwa na neno la utani kwa kila mtu. Mfaume alikuja, amevaa shati alilolishona mwenyewe likiwa sasa kubwa kwake. Alikaa na wanaume, akala kidogo sana, na hakujitambulisha kwa Asumini.

Sikio lilikuwa nje, juu ya kigoda, chini ya upenu. Saa tisa na robo Asumini alitoka akiwa bado anakausha mikono kwa kanga, akavuta kiti, akakaa mbele yake. Watu wakatoka mmoja mmoja wakasimama mbali. Somoe aliliwasha, akarudi nyuma hatua tano kama sheria inavyotaka.

Sikio likauliza swali lake.

"Mimi ni Asumini binti Nampunju," akasema. "Baba yangu hakuulizwa, na angeulizwa angesema hapana, mimi namjua. Mimi nimeulizwa. Kinywe kilichokwisha kutoka, ambacho kipo ghalani, kifanye kazi. Sikitoi kwa hofu wala kwa huruma. Ni cha baba, na baba alipenda kuona kitu kinafanya kazi. Kilichobaki ardhini kibaki. Shimo lifukiwe, na mama na mwanangu warudishwe walipokuwa."

Taa hazikuwaka, hata moja. Sikio likasema kwa upole wake kwamba jibu halikueleweka, tafadhali jibu ndiyo au hapana.

Asumini akarudia yale yale, polepole zaidi. Jibu halikueleweka. Mzee Chitanda akaropoka kwamba kumbe siku ile kilimwelewa yeye aliyekuwa anacheza, leo kimeshindwa kumwelewa mtu mwenye akili zake, na watu wakacheka, na Asumini mwenyewe akacheka. Akamgeukia Somoe.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Somoe aliwaza juu ya neno moja tu, ndiyo, neno fupi, ambalo angeweza kumwomba Asumini alitamke na mengine wayamalize baadaye. Ghala la pili lingejengwa. Mkurugenzi angepiga simu ya tano, ya furaha. Aliwaza pia kwamba hilo ndilo neno walilolichukua mara ya kwanza. Akamtazama kaka yake, na Mfaume alikuwa anatazama chini, kwa makusudi, asimsaidie.

Akalizima Sikio. Akaomba kalamu, akapewa ya imamu. Juu ya daftari la hitima lenye doa la mchuzi akaandika kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tisa, akayaandika maneno ya Asumini yote, la kwanza hadi la mwisho, likiwemo shimo na yakiwemo makaburi. Akaandika kwamba ghala la pili halina ridhaa. Alimsomea, Asumini akasahihisha sehemu moja, akatia kidole. Somoe akatia chake, wino ule ule, akaupiga picha ukurasa na kuutuma ghalani saa kumi kasoro dakika nane. Fundi wa ghala akajibu kwamba umefika na seli zimeusoma.

Watu wakaanza kushangilia. Somoe hakuinuka. Alivuta daftari tena, akaandika na kutuma ukurasa mwingine mfupi uambatanishwe na ule wa kwanza, na mkono wake ulikuwa mzito kuliko alipoandika yote yaliyotangulia. Aliandika kwamba mkaguzi ana kaka, jina lake Mfaume Mbunju, anayeishi kwa umeme huu, na kwamba atakayeisoma hati hii ana haki ya kujua hilo kabla ya kuamini neno lolote lililomo.